Mume Wangu, Talaka Tatu na Kidonge cha Usingizi

"Faiza, nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha!"

Hiyo ni sauti ya mume wangu, Awil. Sekunde kumi na moja za WhatsApp.

Na hakunitumia mimi. Alituma kwenye grupu la ukoo wao... watu themanini na sita!

Nilikuwa nimetoka kuswali alfajiri hapa kwetu Garissa. Nimeshika simu nione kama mama mkwe ameamka salama, nakuta nimeachwa tangu saa saba usiku. Watu wa Mandera wameshasikia. Watu wa Liboi wameshasikia. Mmoja ameandika "Inna lillahi" kana kwamba nimekufa!

Miaka kumi na moja ya ndoa, watoto wawili. Nilikaa kwenye mkeka wa swala, nikairudia ile sauti mara ya pili. Niliumia, sitawadanganya.

Sasa sikieni kilichofuata.

Saa mbili asubuhi bwana mkubwa anaamka sebuleni, anajinyoosha, anakuja jikoni.

"Faiza, chai iko wapi?"

Chai!

"Umesema nini?"

"Chai. Na anjera. Mbona unaniangalia hivyo?"

Nikabonyeza simu. Sauti yake ikajaa jikoni. Nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha.

Akaninyang'anya simu, akaitazama.

"Hiyo... hiyo si mimi."

"Ni nani basi? Jirani?"

"Ni mimi lakini si mimi! Ni ile dawa, Faiza! Wallahi ni ile dawa ya usingizi! Sikumbuki kitu!"

Nikamtazama. Na nyinyi msiomjua, ngoja niwajulishe mtu mwenyewe.

Awil ni dereva wa lori la maji, njia ya Dadaab. Akirudi mjini kazi yake ni moja: miraa. Anakaa na wenzake tangu alasiri, shavu limefura, wanaongoza serikali tatu kwa mdomo. Hiyo ikiwapanda kichwani, sisi Wasomali tunaiita mirqaan, kila mtu hapo ni simba. Usiku wa manane anarudi nyumbani macho kodo, anageuka kitandani mpaka alfajiri, halafu analia, "Usingizi umenikimbia, sijui umeenda wapi!"

Umeenda wapi? Si umeutafuna wewe mwenyewe!

Nikampeleka kwa daktari. Anaitwa Daktari Molu, mtu wa Wajir, mpole lakini hadanganyiki.

"Unatumia miraa?" akamuuliza.

"Mara moja moja, daktari. Kwa harusi."

Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Kwa hesabu hiyo Garissa ina harusi kila siku, na bwana harusi ni Awil!

Daktari akamwambia wazi. "Miraa na chai kali ndizo zinakunyima usingizi. Hii dawa ni ya kukusaidia siku chache huku unaacha. Usipoacha ni kama kukanyaga breki na mafuta pamoja."

Akampa vidonge kumi na vinne kwenye kibahasha. Na masharti, ambayo niliyasikia mimi, maana mwenzangu alikuwa anaangalia simu. Kimoja tu kwa usiku. Umeze ukiwa tayari kitandani, si sebuleni, si barazani. Uwe na saa saba au nane za kulala, la sivyo asubuhi utaamka mzito, na usiguse usukani. Kisipofanya kazi usiongeze cha pili. Usichanganye na kileo wala dawa nyingine ya kulevya.

"Na kuna watu wachache," daktari akaongeza, "wanainuka, wanatembea, wanapika, hata wanapiga simu, na asubuhi hawakumbuki. Ukiona hivyo, acha dawa, urudi kwangu haraka."

Mume wangu akaitikia, "Haye, haye," kama mtu anayejibu mwenye duka.

Usiku wa kwanza alimeza akiwa bado na miraa mdomoni. Hakuna kilichotokea, akanuna tu.

Usiku wa pili nikasikia kishindo jikoni. Nikamkuta Awil amesimama mbele ya jiko la gesi, macho wazi, anamimina maziwa juu ya moto. Moto umezimika, gesi inavuma! Nilimwita, hakunijibu. Watoto wangu wamelala chumba cha pili!

Nilifunga gesi, nikamrudisha kitandani kama mtoto. Asubuhi nilipomwambia, alicheka.

"Kweli nilifanya hivyo? Na sikumbuki kabisa? Haki hii dawa ni noma!"

Alicheka, nyie! Na alipokuwa anacheka kuna kitu kilimwingia kichwani. Siku hiyo sikukiona. Baadaye nilikiona vizuri sana.

Basi turudi kwenye ile asubuhi ya talaka.

Saa tatu haijafika, wifi yangu Ramlo yuko mlangoni. Amekuja na magunia mawili matupu.

"Abaayo, dada yangu, pole. Nimekuja kukusaidia kufunga vitu vyako."

"Umekuja na magunia kabla ya kuja na salamu?"

"Ah, mimi nataka tu kusaidia. Ndugu yangu ameshasema neno lake."

Huyu ndiye niliyemuuguza alipojifungua watoto watatu. Watatu! Nikamwambia akae, anywe chai, magunia ayakalie.

Awil akatoka chumbani akipiga kelele. "Ramlo, hakuna talaka! Ilikuwa dawa!"

Ndani ya saa moja hadithi ilikuwa imefika kila mahali. Wale wale walioandika "Inna lillahi" sasa wanaandika "Alhamdulillah, ilikuwa dawa". Shangazi wa Mandera akaapa kwamba jirani yake alimeza kidonge kama hicho akajikuta amepanda ngamia. Mganga wa grupu hakosekani!

Baba mkwe, Mzee Hirsi, akaita kikao uani kwake baada ya alasiri. Akamwita Sheikh Kerrow, ambaye ndiye alitufungisha ndoa. Wanaume wakakaa kwenye mikeka, sisi wanawake upande wa pili, Ramlo mbele kabisa asipitwe na neno.

Sheikh hakupoteza muda.

"Awil, hii sauti ni yako?"

"Ni yangu, sheikh."

"Ulisema mara tatu. Hapa kwetu tatu ni tatu, huyu si mke wako tena. Unasema nini?"

"Nilimeza dawa ya usingizi, sheikh. Ile dawa inaondoa akili ya mtu. Hata mke wangu ni shahidi, juzijuzi nilimwaga maziwa kwa jiko na mimi sijui!"

Watu wote wakanigeukia.

"Ni kweli?" sheikh akaniuliza.

"Ya maziwa ni kweli," nikasema.

Mzee Hirsi akapiga paja. "Si nimesema? Kijana yangu si mwendawazimu. Hii kitu ya hospitali ndio imekula akili yake!"

Sheikh ni mtu wa kuhakikisha. Akamwambia Awil ampigie Daktari Molu, sauti iwekwe wazi, kila mtu asikie.

"Daktari, mtu akimeza ile dawa anaweza kuongea kitu na asijue?"

"Inaweza kutokea, sheikh," daktari akajibu. "Si kwa kila mtu, lakini hutokea. Kama alimeza, na hasa kama hakwenda kulala, inawezekana kabisa."

Uani pakawa na minong'ono ya furaha. Ramlo, yule wa magunia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema "Alhamdulillah" kwa sauti. Uso hauna haya, jamani!

Sheikh akamgeukia Awil. "Asiye na akili wakati wa kusema, talaka yake haipo. Lakini utaapa kwanza. Utaapa kwamba ulimeza ile dawa, na kwamba hukujua unachosema."

Awil hakusita hata kidogo. Akainua mkono.

"Wallahi, billahi, tallahi! Nilimeza ile dawa, na sikujua ninachosema!"

Aliapa hivyo mbele ya baba yake, mbele ya sheikh, na jina la Allah liko mdomoni mwake.

"Faiza," sheikh akaniambia, "kuna unalotaka kusema kabla sijafunga kikao hiki?"

Hapa ndipo penyewe, wapendwa. Maana kuna jambo sijawaambia.

Usiku ule wa gesi, baada ya kumlaza, sikulala tena. Nilijua nikiificha ile dawa atakwenda kununua nyingine kwenye duka lolote la dawa lisilouliza karatasi ya daktari. Basi nilifanya langu. Nilivitoa vile vidonge kumi na viwili vilivyobaki, nikavitia kwenye mkoba wangu. Ndani ya kile kibahasha nikatia vidonge vingine. Vyeupe, vya mviringo, vidogo vile vile...

Vidonge vya zinki. Vile mtoto wangu mdogo alipewa kliniki alipokuwa anaharisha!

Siku tisa mume wangu amekuwa akimeza dawa ya kuhara ya mtoto. Na nyie, alikuwa anakoroma! Asubuhi anajisifu kwa wenzake, "Hii dawa yangu ni kali, si ya watoto!"

Kwa hiyo pale uani nilikuwa najua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua isipokuwa Awil mwenyewe. Awil alikuwa na akili zake zote aliposema yale maneno.

Nikinyamaza, nabaki mke. Nina nyumba yangu, watoto wana baba, ukoo unanipa pole, hata Ramlo ananikumbatia. Nisiponyamaza, nimejiachisha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnadhani ilikuwa rahisi? Nilimtazama Mzee Hirsi anavyotabasamu, nikatamani kunyamaza. Nampenda yule mzee kama baba yangu.

Lakini ningelala vipi kitanda kimoja na mwanamume ambaye najua ameshaniacha? Hiyo ni haramu, hata kama ukoo mzima haujui. Halafu nikamtazama Awil. Alikuwa ameshaanza kuwakonyeza wenzake wa miraa waliokaa nyuma!

Nikafungua mkoba.

"Sheikh, dawa ya usingizi ya Awil ni hii hapa. Vidonge kumi na viwili. Vihesabuni."

Sheikh akavihesabu kimoja kimoja.

"Vilikuwa kumi na vinne," nikaendelea. "Alimeza viwili, akataka kutuua kwa gesi. Nikabadilisha. Tangu siku hiyo anameza zinki ya mtoto ya kuharisha. Hata kama jana alimeza kitu, alimeza zinki."

"Ya kufanya nini?" Mzee Hirsi akauliza, mkono sikioni.

"Ya kuharisha, aabo. Ya watoto."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Awil akaruka. "Huyu mwanamke mwongo! Naa, unanilisha nini wewe?"

"Kaa chini!" sheikh akamwambia. "Awil, miraa ulikuwa nayo jana?"

"Kidogo tu, sheikh..."

"Miraa inamnyima mtu usingizi, haimnyimi akili. Ulijua unachosema?"

"Wenzangu wa miraa walinicheka!" Awil akapayuka. "Walisema nyumba yangu inaongozwa na mwanamke! Nilisema ile kitu kwa grupu wanyamaze tu! Nilifikiri asubuhi nitasema ni dawa, na itaisha!"

Hapo hapo akatambua alichosema. Nikaona rangi inamtoka usoni.

Simba wa mirqaan!

Alinitupa mimi na watoto ili wanaume wanne wenye mashavu yaliyofura wamwone mwanamume. Halafu akatafuta kidonge cha kujifichia nyuma yake. Hata huo ujasiri wa kuniacha hakuwa nao mchana.

Mzee Hirsi akainuka taratibu. Hakumtazama mwanawe.

"Umeapa uongo kwangu," akasema. "Faiza, binti yangu, nisamehe."

Hapo ndipo nililia. Sikumlilia Awil, nilimlilia yule mzee.

Sheikh akatoa hukumu: talaka tatu zimepita, Awil atoke nyumbani, mimi nikae eda yangu mle mle na watoto wangu. Na mwenye kuapa uongo akatafute toba yake.

Mimi pia sikuachwa salama. Daktari Molu alikuwa bado hewani, maana hakuna aliyekumbuka kukata simu!

"Faiza," akasema, "umefanya vibaya."

"Mimi, daktari?"

"Wewe. Niliwaambia mkiona hivyo mrudi kwangu haraka. Unambadilishia mgonjwa dawa bila kuniambia? Angekuwa na ugonjwa mwingine, tungejuaje? Siku hizi tisa ningeshampangia njia nyingine. Na hivyo vidonge unatembea navyo kwa mkoba, mtoto akivifungua je?"

Alikuwa na haki. Kesho yake nilivirudisha hospitali kwa mkono wangu.

Sasa somo, na msome vizuri. Dawa ya usingizi si pipi na si uchawi. Ukipewa, meza kitandani, kimoja, kwa siku ulizoambiwa, na mweleze daktari ukweli wote wa miraa na chai zako. Ukiona mtu wako anatembea usiku bila kujijua, mrudishe kwa daktari. Usijifanye daktari kama mimi.

Na ninyi wanaume wa barazani, mtu akikuambia dawa ilimsemesha maneno, muulize kwanza aliimeza lini, na ni dawa gani.

Wiki mbili baadaye Awil aliniandikia.

"Faiza, wallahi sasa silali kabisa. Nifanye nini?"

Nilimjibu, "Daktari Molu yuko kila siku isipokuwa Ijumaa. Ukifika, usimwambie miraa unatafuna kwa harusi."

Kisha nikamwandalia mtoto wangu uji.