Gari Lililochemsha Kivukoni Busisi

Kila asubuhi, kabla ya kubandika chai, Rebeka alipakia madumu ya maji kwenye buti ya gari. Ilikuwa kazi ya kawaida kama kufagia uwanja. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini.

Rebeka alikuwa fundi cherehani. Aliishi Igogo, mjini Mwanza, na mumewe, Ndalahwa. Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanaingia Mwanza kwa wingi. Ndalahwa na kaka yake walichanga, wakanunua gari dogo jeupe. Liliwafaa sana, ila lilikuwa na ugonjwa mmoja. Lilichemsha.

"Mtumba ndivyo ulivyo," Ndalahwa alizoea kusema. "Ukilinywesha maji, linakwenda."

Siku moja walikwenda Sengerema, ng'ambo ya ziwa, kumchukua mama yake Ndalahwa, Bibi Kabula. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anatembea kwa kupapasa ukuta. Hospitali huko Mwanza ilikuwa imempangia alazwe siku hiyohiyo, afanyiwe upasuaji kesho yake. Akikosa nafasi hiyo, angengoja tena miezi mingi.

Walipokuwa wanarudi naye, gari lilikwenda vizuri njiani. Walipofika Busisi walikuta foleni ndefu ya kungoja kivuko. Ndalahwa hakuzima injini. Aliogopa foleni ikisogea atapitwa.

Mshale wa joto ulianza kupanda. Ukapanda mpaka mwisho. Mvuke ukatoka mbele ya gari kama sufuria inayofurika.

"Kuna nini, wanangu?" Bibi Kabula aliuliza. "Mbona kunanuka moto?"

"Ni maji tu, mama," Rebeka alisema.

Ndalahwa alishuka, akafungua boneti, akachukua kitambaa na kunyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Kaka, usifungue hapo."

Aliyesema ni mwanamke mmoja aliyeshuka kutoka pikapu ya nyuma yao. Jina lake Dilshad. Alikuwa na duka la vipuri mjini Mwanza, na siku hiyo alikuwa anarudi kutoka kupeleka mzigo Geita.

"Maji ya humo ndani yamebanwa," alisema. "Ukifungua sasa yatakurukia usoni. Baba yangu aliungua kifua hivyohivyo."

"Lakini tuna mgonjwa," Ndalahwa alisema. "Tunawahi hospitali."

"Basi tusiongeze wa pili. Zima injini, tungoje ipoe. Na mikono iwe mbali na feni. Hii ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa."

Ndalahwa alizima injini. Dilshad alikwenda dirishani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bibi aliitikia, akigeuza uso kule sauti ilikotoka.

Kisha Dilshad akamuuliza Rebeka, "Gari likiwa mwendoni linachemsha?"

Rebeka alifikiri. "Hapana. Linachemsha likisimama. Hasa stendi ya Buzuruga, tukiwa tunangoja mtu."

"Na feni mmewahi kuisikia ikivuma?"

"Sijawahi."

"Umeshanipa nusu ya jibu," Dilshad alisema. "Gari likikimbia, upepo wa njiani unapoza rejeta. Likisimama, feni ndiyo upepo wake. Nadhani feni yenu haizunguki."

Injini ilipopoa kabisa, Dilshad alifungua kifuniko polepole kwa kitambaa, akaongeza maji. Baada ya hapo akachomoa fyuzi ya feni na kuiangalia kwenye mwanga.

"Hii nzima. Ingekuwa imekatika, tungeweka nyingine ya ukubwa uleule. Wengine huweka kipande cha waya. Kukitokea hitilafu, waya haukatiki, na gari linaweza kuungua."

Akairudisha fyuzi, akachukua nyaya mbili kutoka pikapu yake, akaunganisha feni moja kwa moja na betri. Feni ikazunguka kwa nguvu.

"Kumbe nzima," Ndalahwa alisema.

"Mota ni nzima. Tatizo ni umeme kutoifikia."

Dilshad aliziondoa nyaya zile, akainama, akaonyesha kiswichi kidogo kilichofungwa chini ya rejeta. "Maji yakipata moto, hiki ndicho huwasha feni." Akachomoa plagi ya kiswichi, akaunganisha nyaya mbili za plagi hiyo kwa kipande kifupi cha waya. "Washa swichi ya gari."

Ndalahwa alizungusha ufunguo. Feni ikavuma.

"Kiswichi kimekufa," Dilshad alisema. Akafunga waya vizuri kwa utepe wa umeme. "Sasa feni itazunguka muda wote, mpaka mfike Mwanza. Hii ni ya safari tu. Kesho mweke kiswichi kipya. Na msiige hivi kwa kila gari. Mengine nyaya zake ziko tofauti, muulizeni fundi."

Waliingia kwenye kivuko. Rebeka aliutazama mshale njia nzima. Haukupita katikati. Walipovuka, pikapu ya Dilshad iliwafuata nyuma mpaka langoni mwa hospitali. Bibi Kabula akapokelewa, akapewa kitanda.

Kesho yake fundi aliweka kiswichi kipya, akasafisha rejeta iliyojaa tope, akaweka dawa ya kupozea injini. Tangu siku hiyo Ndalahwa alikagua maji asubuhi, injini ikiwa baridi, na alisikiliza feni kila gari liliposimama kwa muda.

"Miezi yote ile tulikuwa tunaunywesha ugonjwa," alimwambia mkewe. "Hatukuutafuta."

Bibi Kabula alifanyiwa upasuaji wa jicho moja kwanza. Alipofunguliwa bandeji, alimtazama Rebeka kwa muda mrefu.

"Umekonda," alisema, na wote wawili wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Alipohamia Igogo kupumzika, aliomba jambo moja tu. Alitaka kumwona yule mama wa kivukoni. Rebeka alikwenda dukani kwake kumwita, na Jumapili Dilshad akaja.

Bibi aliinuka bila kushikwa mkono. Akavuka sebule peke yake, akasimama mbele ya mgeni, akamshika mikono yote miwili.

"Nilikujua kwa sauti," alisema. "Nilitaka na uso wako niujue. Wabeja, mwanangu. Asante sana."

Dilshad, mzaliwa wa Mwanza, hakuhitaji kutafsiriwa Kisukuma.