Abiria wa Kwenda Moshi

Chai ndiyo iliyoanza. Theopista aliimimina ikitoka mvuke, akageuka kuchukua kitumbua, na aliporudi ilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Abiria mmoja akaionja, akaisukuma mbali.

"Mama, hii chai au umeichota kisimani?"

Mabenchi yote yakacheka. Theopista naye akacheka, maana mwaka ule wa vita vya Kagera aliyepata chai ya sukari pale Stesheni hakuwa na haki ya kulalamika. Lakini kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, kila mara jua likizama na treni ya kwenda Moshi ikisubiri filimbi. Tena ni kikombe kimoja tu, kile cha pembeni, karibu na benchi la ukutani. Halafu ikaja harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa, na ukumbi ule chini ni saruji tupu!

Mama yule alikuwa na kidonda moyoni. Bintiye Celina alikuwa amekufa kwa kifaduro miezi michache nyuma. Sasa, Mchaga huzikwa kwao, kihambani, migombani walikolala babu zake. Kwingine kote ni kutupwa. Lakini petroli ilikuwa ya kibali, treni zimejaa askari, na mumewe Leodegar, mwenye duka Kariakoo, alihangaikia gari mpaka maiti ikawa haingoji tena. Wakamzika Kinondoni. Watu walipoanza kutawanyika, Theopista aliliinamia kaburi akasema, "Lala kidogo, mwanangu. Nitakuja kukuchukua, tupande treni twende nyumbani."

Jamani, ahadi kwa maiti! Mtu husema tu kwa uchungu wake, kumbe makaburini kuna wasikilizaji wengine.

Basi jioni moja kikohozi kikaanza chini ya lile benchi, kile cha kuvuta pumzi kwa mluzi, na Theopista akajua ni cha nani kabla hajainama. Aliinama. Hapakuwa na mtu.

"Mama," sauti ikanong'ona. "Treni yetu ndiyo hii?"

Laiti angenyamaza! Lakini mama gani ataitwa na mwanawe anyamaze?

"Bee, mwanangu," akaitika.

Tangu hapo akawa haishi ila kwa ajili ya magharibi. Hali chakula, halali usingizi, mtoto mchanga nyumbani akimlilia titi yeye hasikii, anasikia kikohozi tu. Bi Hind, mwanamke wa Kiarabu aliyepanga naye nyumba moja, alipoona jirani yake amebaki mifupa, akamfuata Stesheni, na akamkuta ukingoni kabisa mwa jukwaa, mwili umeinamia reli, mkono ameunyoosha na vidole vimekunjwa kama vilivyoshika vidole vingine vidogo, naye anatabasamu, huku injini inakuja inanguruma na dereva anapiga honi na watu wanapiga kelele na yeye hageuki, mpaka Bi Hind alipomkamata kanga kwa nyuma wakaanguka wote wawili chini.

"Mama Celina! Unataka kufa?"

"Alisema nimshike mkono."

"Nyamaza," Bi Hind akanong'ona. "Usiliseme hapa. Kaka yangu Nasor anayajua haya."

Kesho yake mzee Nasor akaja Stesheni na chetezo cha ubani. Theopista akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Mtoto wako yuko kwa Mola wake, hasumbui mtu. Huyu ni jini, mpita njia tu. Alisikia ahadi yako akaivaa kama nguo."

"Na kama ni yeye?"

"Si yeye. Mtoto hamvuti mamaye kwenye reli. Una mwingine nyumbani ananyonya. Unataka naye akose mama? Wewe ndiye uliyemwitikia, wewe ndiye wa kumkana. Mwambie humjui."

Theopista alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akajifuta, akakubali.

Jua likazama. Ubani ukatanda, na ndani yake ile harufu ya udongo ikaja, ikazidi, ikaushinda ubani wenyewe, na kikohozi kikaanza chini ya benchi, kikapanda kwenye benchi, kikasogea hadi magotini pa Theopista, karibu kiasi kwamba alihisi pumzi ya baridi kwenye mkono wake.

"Mama, leo tunaenda?"

Nasor akamwashiria kwa kichwa aseme. Theopista akafumba macho.

"Sikujui," akasema. "Sikukuzaa mimi."

Kikohozi kikakatika.

"Haya, mama," sauti ikajibu, taratibu. "Basi nitaenda peke yangu."

Wakasikia nyayo peku, nyepesi, zikivuka saruji kuelekea mabehewani. Filimbi ikalia. Treni ikaanza kusogea.

Theopista akamgeukia Nasor. "Mzee, majini huaga hivi?"

Mzee akakitua chetezo chini.

"Hutukana," akasema. "Wote niliowatoa walitukana, wakaapiza, wakavunja vyombo." Akainamisha uso. "Sijapata kumsikia anayetii."

Theopista alishatoka mbio. Alikimbia kando ya mabehewa, kanga imeanguka, anapiga madirisha kwa viganja. "Celina! Nimekosa, mwanangu! Shuka! Nakujua, Celina, nakujua!" Abiria wakamtazama wakipita, mmoja baada ya mwingine, mpaka jukwaa likaisha na behewa la mwisho likampita. Aliita tena na tena. Hakuna aliyemwitikia.