Siku Baba Alipomficha Severina

Asubuhi za kijiji cha Nangwa huanza na baridi, na Fabiola aliijua baridi hiyo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyetangulia kutoka nje. Umande ulimlowesha miguu kabla jua halijachomoza. Kwanza alimsaidia mama yake, Hilaria, kukamua. Kisha alifagia uwanja, akachota maji, akanywa uji wa mtama akiwa amesimama, na kukimbilia shule, ambako alikuwa darasa la sita. Jumamosi hakukuwa na shule, lakini kazi haijui Jumamosi.

Jumamosi moja, miaka ile watu walipokuwa wamekwisha kuhamia vijiji vya ujamaa, kazi ya kukamua iliisha upesi mno. Zizi lilikuwa karibu tupu. Siku mbili kabla, baba yake, mzee Sulle, alikuwa amewaswaga ng'ombe mpaka Getanuwas na kuwaacha kwa rafiki yake Gidamis, mfugaji mwenye zizi kubwa ambamo ng'ombe wa mtu mwingine hawaonekani.

Chanzo kilikuwa jirani yao Nikolausi, mtu ambaye habari haikupita kwake bila kuongezewa chumvi. Alisema mgeni wa serikali anakuja kuhesabu mali. Tena, eti nyumba yenye mtoto chuoni itaandikwa kuwa ya tajiri, na tajiri atatoa maksai kwa ajili ya shamba la kijiji. Sulle alikuwa mtu mwema, mkarimu hata kwa mpita njia asiyemjua. Lakini maneno "serikali" na "kuhesabu" yakitajwa pamoja, usingizi ulimruka. Baba yake alificha ng'ombe wakati wakoloni walipodai kodi, na babu yake vilevile. Kwao kuficha ng'ombe hakukuwa uongo hata kidogo. Kulikuwa ni akili ya mfugaji.

Akili hiyo ilikuwa imewaliza mwaka uliotangulia. Bwana mifugo alipita kuchanja ng'ombe, Sulle akadhani amekuja kuwahesabu, akamficha Madoa bondeni. Madoa alikuwa akitoa maziwa kuliko wote. Ugonjwa ulipoingia kijijini, ng'ombe waliochanjwa walipona, Madoa akafa. Fabiola alilia mpaka macho yakavimba. Tangu siku hiyo baba hakulitaja tena jina la ng'ombe yule.

Basi, mchana wa Jumamosi hiyo mgeni akafika kwa miguu, gari lake akiwa ameliacha kwenye ofisi ya kijiji. Hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa Ndugu Mwinshehe, afisa wa elimu, mwenyeji wa Morogoro, mwembamba, mpole, aliyevaa sweta mbili na bado anatetemeka kwa baridi ya huku. Mwaka uliopita pia alikuja. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia vijana waliokuwa wa kwanza katika familia zao kuingia chuo. Hakuwauliza mara moja na kuondoka. Alimfuatilia mtu yuleyule mwaka baada ya mwaka, tangu aanze mpaka amalize, akiuliza chuoni na nyumbani. Serikali ilitaka kujua kwa nini baadhi ya vijana huanza vizuri na kuishia njiani.

Nyumbani kwa Sulle alimfuatilia Severina, dada yake Fabiola, msichana wa kwanza wa kijiji chao kwenda chuo cha ualimu. Chuo chenyewe kilikuwa mbali, kule mabondeni kwenye joto.

Fabiola akamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, Fabiola. Umekua," akajibu mgeni.

Hilaria alimletea maziwa katika kibuyu. Wakaulizana habari za safari, za mvua, za mavuno. Ndipo Ndugu Mwinshehe akauliza kama Severina anaendelea vizuri na masomo, na kama kuna jambo lolote linaloweza kumfanya aache.

Sulle akakohoa. Akatazama zizi. "Severina ameacha chuo," akasema. "Yuko kwa shangazi yake, Mbulu. Anasaidia kulima."

Hilaria aliinamisha uso. Fabiola alijua dada yake yuko chuoni wakati huo huo, labda anasoma, labda anaumwa.

Ndugu Mwinshehe alionekana kuumia kweli. Alisema chuoni alikuwa hajafika bado mwaka huu, kwa hiyo habari hiyo ilikuwa mpya kwake. Akamgeukia Fabiola na kumwuliza kama ni kweli dada yuko kwa shangazi. Fabiola akamtazama baba yake. Huku kwetu mtoto hampingi mzazi mbele ya mgeni. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma.

"Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi hapa safari yangu na Severina imeishia," akasema Ndugu Mwinshehe. "Anayeacha, tunafunga habari zake katika utafiti, hatumfuatilii tena." Akashukuru kwa maziwa, akaaga, akaondoka kuelekea ofisi ya kijiji.

Sulle alipumua. Alisema ng'ombe watarudi Jumatatu, akachukua jembe lake. Lakini Fabiola hakuondoka mahali pale. Alikuwa na siri. Likizo iliyopita, walipokuwa wakiokota kuni, Severina alimwambia kwamba kule chuoni malaria inamwangusha kila mara. Yeye ni mtu wa baridi, amekulia mahali pasipo na mbu wengi, na mwili wake haukuizoea homa ile. Alikuwa amekosa masomo mengi. "Nikiugua tena hivi, narudi nyumbani," alisema. "Na usimwambie baba. Atajilaumu kwamba alinipeleka."

Mtu pekee aliyekuja mpaka mlangoni kuuliza ni nini kinachoweza kumwangusha Severina ndiye huyo aliyekuwa akishuka njia na sweta zake mbili. Akishapanda gari kwenda kijiji kingine, Gendabi, basi.

Fabiola alimfuata baba yake shambani. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Baba, naomba niseme neno."

"Sema."

"Tumemficha dada kama tulivyomficha Madoa."

Jembe likasimama hewani. Fabiola alingoja kofi. Alikuwa tayari kulipokea, maana neno lilikwisha kutoka na halirudishwi. Akaendelea, akaeleza habari ya homa, ya masomo yaliyokosekana, ya ahadi aliyompa dada yake. Baba alilishusha jembe taratibu, akaukalia mpini wake, akashika kichwa. Akalitazama bonde alikomficha Madoa.

Kisha akainuka. "Twende," akasema. "Kabla gari halijaondoka."

Walikata njia katikati ya mashamba, wakavuka kijito bila kutafuta daraja. Fabiola hakuwahi kumwona baba yake akikimbia, na mzee Sulle hakuwa mtu wa kukimbia ovyo. Blanketi alilojitanda lilimwanguka begani, Fabiola akaliokota na kulibeba. Walilikuta gari limekwisha kuwashwa. Ndugu Mwinshehe alikuwa ameshika mlango.

Sulle alisimama mbele yake akihema. Palikuwa na watu, mwenyekiti wa kijiji akiwemo, na Nikolausi ambaye hakukosa mahali penye gari. Fabiola alidhani baba atamvuta mgeni pembeni. Hakumvuta.

"Ndugu, nimekudanganya," akasema mbele ya wote. "Severina yuko chuoni. Niliogopa ng'ombe wangu wasije wakahesabiwa, nikamficha na mtoto. Huyu mdogo amenifungua macho. Naomba umsikilize, yeye anajua kuliko mimi."

Gari likazimwa. Ndugu Mwinshehe alikaa kwenye benchi la ofisi, akamsikiliza Fabiola tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, afisa alitikisa kichwa, akasema kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemwambia habari hiyo, hata Severina mwenyewe, kwa kuwa wanafunzi huona aibu kulalamika. Sasa alielewa kwa nini vijana wa nyanda za baridi waliopelekwa kule chini waliishia njiani. Wala hakuja kuhesabu ng'ombe. Hakujua hata maksai walitozwa wapi. Watu wakamgeukia Nikolausi, naye ghafla akakumbuka kwamba ana mbuzi wa kufungua.

Ndugu Mwinshehe hakuahidi makubwa. Alisema atawaeleza wakubwa wake, na atapita chuoni amwone Severina mwenyewe. Alifanya hivyo. Severina alitibiwa vizuri, na muhula mpya ulipoanza alihamishiwa chuo kingine, cha milimani, mahali pa baridi kama kwao. Huko hakulala tena kitandani wenzake wakiwa darasani.

Mwaka uliofuata, Ndugu Mwinshehe alipokuja tena, Severina alikuwa nyumbani kwa likizo, amenenepa, anacheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemletea maziwa. "Shikamoo, baba," akasema akipiga goti. "Mimi ni mwalimu mtarajiwa kwa sababu ulirudi kuuliza." Yule mtu wa Morogoro alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Hilaria alimfungia asali ya kupeleka kwa watoto wake. Alishukuru, akashukuru tena, mpaka mgeni akaona haya. Lakini Severina alimshika mkono mdogo wake na kumwambia kwamba ile ahadi aliyoivunja, alifanya vema kuivunja.

Wiki hiyohiyo bwana mifugo alifika kuchanja. Alfajiri Nikolausi alikuja mbio kumnong'oneza Sulle kwamba Getanuwas bado kuna nafasi zizini kwa Gidamis. Sulle alimkaribisha akae, akamimina uji, akawaita na wanawe wasikie.

"Ndugu yangu," akasema, "ng'ombe aliyefichwa hachanjwi. Na mtoto ni hivyo hivyo. Shida isiyosemwa haipati wa kuisaidia, na uongo ukisemwa na mkubwa haugeuki kuwa ukweli. Mimi hilo nimefundishwa na mtoto wangu, wala sioni aibu. Namshukuru Mungu kwa ajili yake."

Fabiola hakujua atazame wapi. Baba hakuwa mtu wa kumsifu mtoto mbele ya watu, tena mbele ya Nikolausi. Bwana mifugo alikuwa amekwisha kufika uwanjani na sanduku lake.

"Fabiola, mama," baba akamwita, "asante. Haya, fungua zizi, watoke wote."