Baiskeli Ndani ya Gari

Kila asubuhi, kabla Jikke hajamaliza mkate wake wa siagi, upepo ulikuwa umeshaamka. Katika nchi tambarare kama yao hakuna mlima wa kuuzuia wala msitu wa kuuchosha. Unatoka baharini na kuja moja kwa moja mpaka usoni mwa mtoto anayekwenda shule. Na shule ilikuwa kilomita sita, barabara nyembamba, mfereji huku na mfereji huku.

Watoto wa huko dawa yake wanaijua. Wanaendesha baiskeli kwa mstari: mmoja anatangulia kukata upepo, mwenzake nyuma anapumua, kisha wanapokezana. Miaka minne Jikke alikata upepo kwa zamu na jirani yake Sietske, msichana mwembamba mwenye pumu na ulimi mkali kama wembe.

Novemba ilipokaribia kwisha, Mwalimu Marrit aliweka mtungi wa kioo juu ya meza.

"Haya, nisikilizeni," alisema. "Tunaishi chini ya usawa wa bahari. Pampu zinakula umeme usiku na mchana ili maji yasitufuate vitandani. Moshi wa magari unaipasha dunia joto, barafu inayeyuka, bahari inapanda, nasi tunazidi kupampu. Basi, anayekuja kwa miguu au kwa baiskeli atie gololi moja humu. Mtungi ukijaa kabla ya Krismasi, halmashauri itafunga njia ya mbele ya shule, magari yasipite asubuhi."

Darasa zima lilishangilia. Sietske alishangilia kuliko wote, kwani moshi wa magari yanayonguruma pale getini ndio uliokuwa ukimbana kifua.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili ikaja mvua iliyolazwa na upepo, ile inayopenya hata koti la mpira.

"Baba, nipeleke leo tu," Jikke alibembeleza.

Baba yake, Wiebren, alikuwa fundi madirisha, na kazi yake ilikuwa upande wa pili kabisa. Lakini mtoto ni mtoto. Alipakia baiskeli nyuma ya gari lake la dizeli, akamshusha nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka shuleni. Jikke alijisugua mashavu mpaka yakawa mekundu, akaingia getini akipiga pedali na kuhema kwa nguvu. Akatia gololi yake kama mtu mwema. Ehee! Mtoto wa watu alikuwa msanii kweli.

Leo tu ikazaa kesho, na kesho ikazaa keshokutwa. Sietske aliambiwa, "Usinisubiri siku hizi, natoka mapema." Naye akaitikia, "Sawa, bosi," akaendelea na safari yake peke yake.

Na ndani ya gari kulikuwa kutamu, tusidanganyane. Joto lilimpanda Jikke kutoka miguuni, kioo kikaingia ukungu, na nchi ikapita taratibu kama ndoto. Ng'ombe walielea juu ya ukungu bila miguu. Alipofumba macho aliona bahari imerudi kimyakimya, samaki wanazunguka mnara wa kanisa, naye anapita juu ya mapaa akiwa ndani ya gari lililogeuka mashua. Hakuna upepo uliomgusa huko.

Ijumaa moja, katikati ya ndoto hiyo, alifuta kioo kwa kiganja. Pale kwenye nyumba ya pampu alimwona Sietske. Alikuwa ameshuka, baiskeli imelala kwenye majani, naye ameinama mikono magotini.

Baba alikuwa amekazia macho ukungu wa barabarani, hakumwona. Mdomo wa Jikke ulitaka kusema, "Baba, simama." Lakini akikutwa ndani ya gari, je? Akateleza chini kitini mpaka gari likapita. "Anafunga kamba za viatu," alijiambia. Alijua fika kwamba viatu vya Sietske havina kamba.

Saa ya masomo ilifika, kiti cha Sietske kitupu. Mwalimu Marrit alipiga simu nyumbani kwao, akarudi uso umempauka.

"Mama yake anasema ametoka kitambo. Nani amemwona njiani?"

Upepo ulikuwa ukigonga madirisha. Jikke alifikiria ile mifereji, huku na huku. Akisema, wote watajua. Asiposema, hakuna mwingine wa kusema.

Akanyoosha mkono. "Nimemwona mimi, Mwalimu. Kwenye nyumba ya pampu. Alikuwa ameinama."

"Hee! Umemwonaje ukampita?" mwenzao Hidde aliruka. "Baiskeli yako ina mabawa?"

"Nilikuwa kwenye gari la baba," Jikke alisema, machozi yakimtoka. "Siku zote hizi nakuja kwa gari. Mwalimu, mfuateni, tafadhali!"

Bwana Folkert, mtunza shule aliyekuwa mlangoni, alikuwa ameshachukua funguo za gari lake. Yeye na Mwalimu walimkuta Sietske amejibanza nyuma ya ukuta wa pampu, midomo ya bluu, dawa yake ya kuvuta imemwishia. Daktari alisema wamewahi, ila kwa kidogo sana.

Jumatatu Jikke alisubiri na baiskeli yake kwenye daraja la karibu na kwao. Sietske alifika, akamtazama tangu kofia mpaka viatu.

"Uliniona ukapita."

"Nilikuona. Nisamehe."

"Nimekasirika na nitakasirika mpaka Jumatano," Sietske alisema. "Pita mbele. Leo hatupokezani."

Jikke alikata upepo kilomita zote sita. Shuleni alitoa gololi zake tisa za uongo mtungini, mbele ya darasa. Wengine waliguna, maana mtungi ulikuwa umekaribia kujaa.

"Acheni," alisema Mwalimu Marrit. "Tutaongeza wiki moja, nimeshazungumza na halmashauri. Wala msilichukie gari, Ijumaa liliokoa mtu. Gari lina kazi yake, ila uvivu wetu si kazi. Jikke, umechelewa kusema, lakini umesema. Sasa kumbukeni hili, na mkawaambie wazazi wenu: upepo unaoukwepa wewe haupotei. Unampiga mwenzako. Na joto la dunia ni hivyo hivyo. Raha ninayojipa mimi leo, kuna mtu mahali fulani atakayeihemea."

Sietske alisogea kumpa Jikke nafasi kwenye dawati lake, kisha wakafungua vitabu.