Mbwa Aliyekatazwa Kuvuta

Kila asubuhi Marlys Koskela alipika kahawa, kisha akafagia sebule. Leo alifagia vipande vya sifongo ya kochi. Jana alikuta kiatu cha mumewe, Duane, kimetafunwa.

Mtafunaji alikuwa Saima, mbwa wa theluji, wa jamii ya mbwa wavutao mizigo, mwenye umri wa miaka mitatu. Baba yake Marlys alimwachia mbwa huyo alipofariki.

"Nimezungumza na binamu yangu Arvid," Duane alisema. "Theluji ikianza atakuja kumchukua. Ana shamba kubwa."

"Huyu ndiye aliyebaki wa baba."

"Najua, mke wangu. Lakini kochi nalo lilikuwa letu."

Marlys alifikiri. Mbwa aliyechoka hatafuni kochi. Akatoa baiskeli, akafunga kamba ya Saima kwenye usukani, wakaondoka. Kindi mmoja akakatiza barabara. Saima akamfuata kindi, usukani ukamfuata Saima, Marlys akaanguka kwenye changarawe.

Jirani yao, Bi Ardith Lahti, alitoka na kitambaa chenye maji. Mama huyu aliendesha mbwa wa kuvuta sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, miaka mingi, hadi magoti yakamkatalia.

"Ulimfunga kwenye usukani?"

"Ndiyo."

"Basi dereva alikuwa yeye. Wewe ulikuwa mzigo."

Marlys alicheka huku akifuta damu kwenye kiwiko.

Bi Ardith alileta mikanda ya kuvutia mzigo, ile inayokumbatia kifua cha mbwa. "Mbwa avute kwa kifua, asivute kwa shingo," alisema. "Shingo ni ya kupumulia. Vaa, Saima. Sasa tangulia."

Saima alipiga hatua chache, akageuka, akaketi miguuni pa Marlys.

"Mvivu," Marlys alisema.

"Ngoja kwanza. Baba yako alimzoesha nini?"

Marlys alimpapasa Saima kichwani. "Alitembea kwa mkongojo. Saima akivuta, baba angeanguka. Kwa hiyo alimfundisha kukaa ubavuni."

"Basi si mvivu. Anatii."

"Sitaki kumfutia alichofundishwa na baba, Bi Ardith."

"Usimfutie. Mkanda wa shingoni uwe wa kutembea polepole, kama alivyozoea. Mikanda ya kifua iwe ya kazi. Mbwa anaweza kujua yote mawili, ukimwonyesha bila kumchanganya."

Walianza kwa miguu. Marlys alishika kamba nyuma, Bi Ardith akaita mbele. Saima alipokaza kamba, alisifiwa. Alijifunza maneno manne: kulia, kushoto, pita, simama.

"Simama ndilo la kwanza," Bi Ardith alisema. "Asipolijua hilo, usipande baiskeli."

Daktari wa mifugo alimpima Saima mifupa na moyo, akasema yuko tayari. Ndipo baiskeli ikatolewa. Safari hii waliweka kamba yenye mpira, ili isimvute mbwa kwa ghafla. Waliifunga kwenye fremu, chini ya usukani, na kuipitisha kwenye fimbo iliyoinyanyua isiingie gurudumu la mbele. Marlys alivaa kofia ngumu na glavu. Walitoka alfajiri, hewa ikiwa baridi, kwenye njia ya udongo msituni, kwa maana lami huchubua nyayo.

"Na wewe piga pedeli," Bi Ardith alimwambia. "Mnafanya kazi wawili. Akipunguza mwendo, shuka. Usimlazimishe hata kidogo."

Siku za kwanza walienda karibu tu. Saima alikunywa maji, akapumzika. Waliongeza mwendo kidogo kidogo. Kindi alipokatiza tena, Marlys alisema, "Pita." Saima alimtazama kindi kwa uchungu, akapita. Nyumbani hakutafuna kitu tena.

Asubuhi ya theluji ya kwanza Arvid alifika na gari, na kizimba nyuma. Saima alikuwa amerudi kutoka msituni muda si mrefu uliopita. Alilala mbele ya jiko, miguu yote imenyooka, wala hakuinua kichwa mgeni alipoingia.

"Ndiye huyu anayebomoa nyumba?" Arvid aliuliza.

Marlys alisimama mlangoni pa jikoni.

Duane alimtazama mkewe, kisha akavuta kiti na kummiminia binamu yake kahawa.

"Kaa, kunywa," alisema kwa sauti ya chini. "Ila usigonge kikombe, utamwamsha Saima. Huyo ametoka kazini, na kesho anarudi."