Pini ya Kiwandani

Jumatano, saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji, kitongoji cha Vosloorus. Komeo limetiwa, redio imefunguliwa kwa sauti ili jirani asidake neno. Bra Zakhele, mkuu wa genge, alipanga vifuniko vya bia mezani. Hili ndilo gari la fedha, nyuma ya duka kubwa la Germiston. Hawa walinzi wawili. Hili lori la Thulare, linaziba njia. Yeye na Lungisa wangebeba masanduku na kukimbilia gari lao la kutorokea. Mpendulo angebaki ukutani kuwazuia walinzi, kisha angerukia gari likianza kuondoka.

"Kwa nini mimi wa mwisho?" Mpendulo aliuliza.

"Kwa sababu wewe hukosi."

Hakuna aliyebisha. Mpendulo alikuwa fundi wa bastola, na fundi kweli, si wale wa kupaka mafuta na kudai pesa. Bastola ya kiwandani, alizoea kusema, ni kama suruali ya dukani: inamwenea kila mtu, haimkai vizuri yeyote. Zote za genge zilipita mikononi mwake. Alizitia triga laini, springi mpya, mtutu uliobana, na pini nyepesi ya kugonga kitako cha risasi. Alichokitoa hakukitupa. Vipande vya kiwandani alivyovitoa kwenye bastola yake vilikaa kwenye kopo la ugoro, mfukoni mwa koti, mpaka kazi iishe. Huo ulikuwa mwiko wake.

"Bado unatembea na takataka zako, shemeji?" Lungisa alimtania.

Lungisa alikuwa amemwoa Nomcebo, dada yake Mpendulo. Mpendulo ndiye aliyemfundisha kufungua bastola na kuifunga, kwenye meza ya jikoni kwa Nomcebo, mtoto akitambaa miguuni mwao. Hakuwa na mtu mwingine aliyemwamini hivyo.

Alhamisi, saa kumi jioni.

Kabla ya kazi, bastola huogeshwa dawa kwa mganga. Zikishaogeshwa hazifunguliwi, hazifutwi, wala triga haiguswi mpaka mbele ya adui. Anayevunja masharti huwaletea balaa wenzake wote. Lungisa alizipeleka, Lungisa akazirudisha, zimefungwa kitambaa chekundu.

Mpendulo aliipima yake mkononi. Vidole vilimwasha. Tangu ajue kushika bastola hajawahi kuibeba bila kuichungulia ndani.

"Usiifungue, shemeji," Lungisa alisema. "Tufikirie sisi."

Akaiacha. Loo, heshima nyingine humponza mtu!

Ijumaa, saa tano asubuhi.

Lori likaziba njia. Walinzi wakashuka. Zakhele akawalaza kifudifudi, masanduku yakatoka, na hadi hapo mambo yalikwenda kama vifuniko vya bia mezani. Kisha mlinzi wa tatu, ambaye hakuna aliyemtaja, akatokea mlangoni na bunduki.

Mpendulo akavuta triga. Tk.

Akavuta tena. Tk.

Risasi ya mlinzi ilimpasua paja. Akaanguka nyuma ya ukuta, akamwita Lungisa kwa jina. Lungisa alikuwa mlangoni mwa gari. Aligeuka, akamwona vizuri kabisa, akaingia, akafunga mlango.

Hapo Mpendulo akajua. Maumivu ya paja yalikuwa madogo. Alifungua bastola akiwa amelala, kama alivyozoea kuifungua gizani kwa mazoezi. Pale pini inapokaa palikuwa patupu. Imetolewa kwa adabu, bila mkwaruzo hata mmoja, kama alivyofundisha.

Akatoa kopo la ugoro. Pini ya kiwandani, nzito, ya kizamani. Akaisukuma mahali pake, akafunga, akajiinua juu ya kiwiko. Gari lilikuwa linakata kona. Kwenye kioo cha nyuma alikiona kisogo cha Lungisa, kimekaa katikati ya alama za kulengea alizozifunga kwa mkono wake.

Alikaa nacho kwa pumzi moja. Kisha akashusha mkono kidogo, akapiga.

Gurudumu likapasuka. Gari likapanda ukingo wa barabara, likapinduka. Zakhele alikufa hapohapo. Thulare aliruka kutoka kwenye lori akatokomea.

Ijumaa, saa saba mchana.

Ndani ya karandinga walikuwa wawili tu, pingu mikononi, paja la Mpendulo limefungwa bandeji iliyoanza kulowa. Lungisa alikuwa na damu kwenye nyusi.

"Pini niliichomoa mwenyewe," alisema mwishowe. "Ulipiga na nini?"

"Na takataka zangu."

Gari lilitikisika kwenye matuta. Mpendulo alimwuliza swali moja tu, kwa nini. Alitamani kusikia kwamba alitishwa, kwamba alishikiwa bastola kichwani. Angeamini lolote.

"Bra Zakhele alisema lazima mmoja abaki, polisi wapate wa kumshika wasitufuate. Akaniambia nichague." Lungisa aliangalia sakafu. "Nikakutaja wewe. Mimi nina mtoto. Wewe huna."

Mpendulo aliibana bandeji kwa mikono yake yenye pingu.

"Nilikuwa nimekulenga kisogo," akasema. "Nikamkumbuka huyohuyo mtoto."

Lungisa aliinamia pingu zake akaanza kulia. Mpendulo akageuza uso, akatazama nje kupitia wavu.