Dada wa Karatasi

Siku ya mnada Katesh, mwaka wa themanini na nne, Zubery mpiga picha alikuwa na wateja kumi na wawili na koti moja. Koti lenyewe lilikuwa jeusi, la mtu mnene, na kila mwanamume aliyetaka picha ya pasipoti alilivaa kwa zamu, tai ikiwa imeshafungwa tayari. Nje kulikuwa na vumbi la ng'ombe, kelele za wauza mitumba na harufu ya nyama choma. Ndani kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa Letisia, nesi wa Haydom, na gauni lake la kitenge cha njano na viatu vyeupe alivyokwisha kuvipangusa mara tatu tangu ashuke kwenye basi.

"Yoakimu!" Zubery akaita, akisoma daftari.

Wakasimama wawili, Letisia mmojawapo.

"Nimemwita mmoja," Zubery akalalamika.

Yule mwingine alikuwa kijana mrefu, ovaroli la mashamba ya ngano chini, koti la Zubery juu, mikono ya koti imemfunika hadi vidoleni. Letisia akacheka mpaka akashika mdomo.

"Unacheka nini, dada?"

"Koti. Sijui wewe umelivaa au lenyewe limekuvaa."

"Picha inaishia kifuani. Wazungu hawataona ovaroli."

"Unakwenda kwa Wazungu?"

"Kanada. Miaka miwili, kusomea kombaini. Mimi Basili, fundi, Basotu. Na wewe ni wa Yoakimu yupi?"

"Yoakimu wangu wala si baba yangu," Letisia akasema kwa sauti ndogo. "Ni katekista tu, alikuwa kwetu Getanuwas zamani."

Basili akamtumbulia macho. "Mzee Yoakimu Bura? Aliyehamia Hirbadaw?"

Basi wakakaa chini wakaelezana. Letisia alipotaka kuingia chuo cha uuguzi hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mahakama ilimtaka baba yake aje mwenyewe kuapa kwamba mtoto amezaliwa. Baba yake, Alfredi, alikuwa hoi kitandani. Mzee Yoakimu akasimama akaapa, "Mimi ndiye baba yake," mambo yakaisha kabla ya saa sita. Basili naye alipotakiwa pasipoti, baba yake Nicodemo alikuwa kaburini mwaka wa tisa, na Mzee Yoakimu akaapa tena. Kwa mzee huyo kiapo kilikuwa msaada tu, kama kumsukumia mtu gari lililokwama kwenye tope. Hakuwa mwongo. Alikuwa na moyo mkubwa na haraka.

"Kwa hiyo wewe ni dada yangu," akasema Basili.

"Wa karatasi."

"Heri wa karatasi. Ungekuwa wa damu ningepata taabu."

"Taabu gani?"

"Taabu ya kukutazama hivi."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Miezi mitatu iliyobaki Basili alipanda basi la Haydom kila Jumapili, akinuka sabuni na dizeli, na mwezi wa tatu ulipokwisha akaondoka.

Upweke wa Letisia ulianza taratibu. Barua ilichukua wiki sita kufika, jibu wiki sita kurudi. Akirudi kutoka wodini, anakoroga chai ya mtu mmoja, anasoma barua aliyoisoma jana. Kila barua ilianza, "Dada yangu wa karatasi," naye kila mara alicheka peke yake chumbani, na akishacheka anaona chumba kimezidi kuwa kimya. Wenzake waliolewa mmoja mmoja. Yeye aliwapikia pilau kwenye sherehe zao.

Masomo yakaisha, duka moja la matrekta likamng'ang'ania fundi, na baada ya kuhangaika na vibali Basili akapewa ukaazi. Hapo akaandika barua ndefu yenye njia zote za kumpeleka Letisia huko. Angeweza kwenda kwa kazi yake, lakini mitihani ya uuguzi angeirudia kwa miaka. Angeweza kwenda kama mke, ila hawajafunga ndoa. Au kama mchumba: ukifika, ndani ya siku tisini mnafunga ndoa, umemaliza. "Hii ndiyo yetu," Basili akaandika.

Letisia akasafiri hadi Dar es Salaam. Ubalozini akapokewa na bwana mmoja mpole, mwenye Kiswahili cha darasani, aliyeweka mafaili mawili mezani, moja kando ya lingine.

"Baba yako ni nani?"

"Yoakimu Bura."

Bwana yule akaweka kidole kwenye faili la pili, la Basili. Yoakimu Bura. Miaka minne walilifanyia utani jambo hili, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba serikali nayo inasoma.

"Sheria yetu hairuhusu mtu kumwoa dada yake," akasema bwana yule, na kwa kweli alionekana kumwonea haya. "Lakini dada asiyeolewa anaweza kuombewa na kaka yake. Ni fomu nyingine." Akampa fomu hiyo, na kalamu juu yake.

Simu ya Basili ilipigwa posta ya Katesh, kwa miadi, watu watano wakiwa kwenye foleni wanasikiliza.

"Mpenzi! Unanisikia?"

"Nakusikia. Kumbe mimi ni dada yako kweli."

Basili akacheka. "Fomu si walikupa? Jaza, mama. Mlango ni mlango."

"Na nikishaingia?"

"Mbele za watu wewe ni dada. Miaka miwili mitatu, halafu tutaona."

"Na watoto, Basili? Watakuita baba au mjomba?"

Simu ikavuma. Letisia akasema tena, kwa sauti ya chini, "Kwa nini tusiseme ukweli?"

"Tukisema ukweli Mzee Yoakimu anafungwa kwa kiapo cha uongo, kwa uzee ule. Mimi narudishwa. Na cheti chako cha unesi kina jina la nani?"

Letisia aliijaza fomu kwa sababu alimkumbuka mno, na mtu aliyekumbuka mno hujaza chochote. Penye swali la uhusiano akaandika dada. Baada ya miezi minane visa ikagongwa kwenye pasipoti yake, na wiki hiyohiyo ikaja barua yenye picha ya chumba: kitanda kimoja chembamba, blanketi la maua. "Hiki ni chumba chako," Basili alikuwa ameandika. "Nimewaambia watu wote kanisani kwamba dada yangu anakuja. Kuna kijana ameshaanza kukuulizia, nimemwambia asubiri kwanza akuone."

Letisia aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa. Kwake ilikuwa wazi kama mchana: kule kuna mwanamke mwingine, na huyu wa hapa ameshageuzwa dada, sasa anatafutiwa mume. Hakujibu. Barua nne zilikuja, zote akazitia sandukuni bila kuzifungua. Posta wakamletea taarifa ya simu, hakwenda.

Mwezi wa saba, ngano ikiwa imeiva, mtu aliingia wodi ya akina mama na jaketi la kigeni la bluu na viatu visivyo na vumbi. Wagonjwa wote wakageuka.

"Yule kijana ana miaka sabini na mbili," Basili akasema hata kabla ya salamu. "Nilikuwa natania, Letisia."

"Utani wako unasafiri wiki sita. Ukifika hapa umeshaoza."

"Ungeniuliza!"

"Ningemwuliza nani? Kaka yangu?"

Mama mmoja kitandani akasema, "Nesi, msamehe, ametoka mbali," na wodi nzima ikacheka, na Letisia aliyekuwa amekaza uso akajikuta analia juu ya jaketi la bluu mbele ya wagonjwa wake.

"Nimekuja kukuoa," Basili akamwambia sikioni. "Nina likizo ya mwezi mmoja."

"Nikiolewa visa inakufa. Dada aliyeolewa haombewi."

"Najua."

"Na kama mke hawatanipokea kamwe."

"Najua. Nitabaki." Alilisema upesi sana.

Jumapili iliyofuata, kigangoni Hirbadaw, Mzee Yoakimu alisimama na kanzu yake iliyopigwa pasi akasoma matangazo ya ndoa, ya kwanza kati ya matatu. "Basili, mtoto wa marehemu Nicodemo, wa hapa kwetu, na Letisia, mtoto wa Alfredi, wa Getanuwas. Anayejua kizuizi cha ndoa hii na aseme." Letisia alisikia jina la baba yake likitajwa mbele za watu, akaona raha ambayo hakuwahi kuiona. Kanisani kila mmoja alikuwa na baba yake.

Ila Basili alikwenda karakana ya Basotu kuulizia kazi, akarudi kimya. Akaenda tena. Kombaini saba zilikuwa zimesimama juu ya mawe, hazina magurudumu, na ngano inavunwa na mbili zilizobaki. Jumapili ya pili matangazo yakasomwa, watu wakapiga vigelegele nje, naye Basili akatabasamu pale alipotakiwa. Letisia alikuwa amezoea kutazama watu wanaosema hawaumwi.

Alhamisi wakatembea kando ya ngano, yeye mbele, Basili nyuma.

"Wamekubali kukurudisha kazini?"

"Wamekubali."

"Na wewe?"

"Nimesema sawa." Akatazama viganja vyake. "Patriki, mwenzangu wa karakanani, alikuwa fundi kuliko mimi. Miezi saba anakaa juu ya debe, anasubiri spea."

"Sikuulizi Patriki."

"Nitakuoa, Letisia. Nilishasema."

"Umesema kama mtu anayekubali kuchomwa sindano."

Basili akamshika mkono. "Basi twende wote. Visa yako bado ina wiki tano. Tuyasimamishe matangazo, upande ndege kama dada, kule Mungu atajua."

"Mungu anajua hata hapa. Hapana."

"Hunipendi?"

"Nakupenda mpaka naumwa. Ndiyo maana siwezi kwenda kuzeeka nikikuita kaka mbele za watu."

"Basi nibaki."

"Ubaki, halafu kila siku karakanani uninung'unikie moyoni? Nenda, Basili. Nenda kabla hujaanza kunichukia."

Basili alilia kama mtoto. Alikataa mara moja, akakataa mara ya pili. Mara ya tatu hakukataa, na Letisia aliiona hiyo ya tatu.

Jumamosi akamsindikiza kwenye basi Katesh. Walikubaliana kwamba jioni Letisia atapita kwa Mzee Yoakimu kumwambia. Alipita kweli. Alimkuta mzee anapiga pasi kanzu yake, akamwamkia, "Shikamoo baba," akanywa chai, akaulizwa habari za vitenge vya harusi, akaaga bila kumwambia. Hakusahau. Alitaka tu kuyasikia matangazo mara ya tatu.

Kwa hiyo Jumapili alikaa upande wa wanawake, benchi la pili, gauni la njano, viatu vyeupe. Macho ya Mzee Yoakimu siku hizi yaliona karatasi vizuri lakini watu wa mbali yaliwaona ukungu, na mabenchi ya wanaume yalijaa. Akasoma kwa sauti ya kujivuna, majina yote, baba wote. "Anayejua kizuizi cha ndoa hii na aseme."

Akangoja. Akageuza uso upande wa wanaume, kisha upande wa wanawake, bila haraka. Mtu akakohoa. Hakuna aliyesimama.

"Hakuna kizuizi," akasema Mzee Yoakimu kwa furaha, akakunja karatasi.

Letisia akainamisha kichwa pamoja na wengine, wakaanza kusali.